Kukopa kwa dhamana ya pensheni: ni kitu gani hasa unachotoa unapotia saini?

Karani wa Mkomani

Assalaam alaykum, ndugu na wazee wa pwani. Wastaafu wa hapa Lamu huniletea mikataba ya mikopo niwasomee kabla hawajatia saini, na wengi wao huanza kwa kunieleza kwamba benki imekubali kuwakopesha kwa dhamana ya pensheni. Nikifungua karatasi zenyewe, pensheni siioni katika orodha ya dhamana. Haimo, na haiwezi kuwemo, kwa sababu Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, ambayo ndiyo inayowalipa walimu, polisi na watumishi wa serikali wa utaratibu wa zamani, yaani ule uliotangulia mpango mpya wa 2021, inakataza pensheni kuhawilishwa kwa mtu mwingine, isipokuwa kwa mambo machache kama vile deni la serikali yenyewe au amri ya mahakama ya matunzo ya mke na watoto. Swali ambalo ningependa tulijadili kwa utulivu ni hili: mstaafu anapotia saini, ni kitu gani hasa anachokitoa?

Nitaanza na hesabu ya pensheni yenyewe, maana wengi huijua jumla tu bila kujua imetoka wapi. Katika utaratibu wa zamani, mshahara wa mwisho wa mwaka huzidishwa kwa miezi ya utumishi, kisha hugawanywa kwa 480. Mwalimu aliyemaliza na mshahara wa Sh60,000 kwa mwezi baada ya kutumika miaka 30, yaani miezi 360, hustahili robo tatu ya mshahara wake, ambayo ni Sh540,000 kwa mwaka. Akichagua kupokea mkupuo, kama wafanyavyo karibu wote, robo ya pensheni hiyo hutolewa na kuzidishwa mara 20, naye hupewa Sh2,700,000 kwa pamoja, kisha hubaki akipokea Sh33,750 kila mwezi. Kwa maoni yangu mkupuo huo ndio mkopo wa nafuu kuliko yote atakayoipata maishani, kwa kuwa ni pensheni yake ya miaka ya mbele iliyosogezwa karibu bila riba ya benki na bila mdhamini, wala hakuna atakayemwandikia barua ya kumdai. Kwa hiyo mtu anapoomba laki tatu muda mfupi baada ya kiinua mgongo kuingia, mimi humuuliza kwanza fedha zile ziko wapi. Simsuti. Jibu lake ndilo linaloonyesha kama mkopo mpya una kazi au unaziba pengo la matumizi ambalo mwakani litafunguka tena.

Sasa turudi kwenye mkataba. Benki hushika agizo la maandishi ambalo mstaafu amekubali kutolibatilisha, kwamba pensheni yake itaendelea kupitia akaunti ya benki hiyo mpaka deni liishe, na kwamba ikishaingia, benki itachukua marejesho yake kwanza. Juu ya agizo hilo kuna bima ya mkopo, ambayo mkopaji mwenyewe huilipia, na pengine wadhamini au hati ya shamba. Serikali si sehemu ya makubaliano hayo. Pensheni ikichelewa, na wote mnajua kwamba huchelewa, benki haimdai Waziri wa Fedha. Inamdai mzee, na riba ya ucheleweshaji inahesabiwa juu yake. Vivyo hivyo mstaafu asipowasilisha cheti cha uhai kwa wakati, akasimamishiwa malipo, deni halisimami pamoja nayo.

Jambo la pili ni namna riba inavyohesabiwa, na hapa nawaomba wasomaji wawe na subira nami, kwani ndipo wazee wengi wanapoumia bila kujua. Chukueni mkopo wa Sh300,000 kwa miaka 3, riba ikiwa asilimia 15 kwa mwaka. Ikiwa riba inahesabiwa juu ya fedha zote ulizokopa tangu mwanzo hadi mwisho, bila kujali ulichokwisha kulipa, riba itafika Sh135,000, na marejesho yatakuwa takriban Sh12,083 kwa mwezi. Ikiwa inahesabiwa juu ya salio linalopungua, riba yote itakuwa kama Sh74,400, na marejesho yatakuwa Sh10,400 hivi kwa mwezi. Asilimia ni ile ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo, lakini tofauti ni Sh60,000 na ushei, ambazo kwa mstaafu wa mfano wetu zinakaribia pensheni ya miezi miwili. Muulizeni karani wa benki swali moja tu: nikimaliza kulipa, kwa jumla nitakuwa nimetoa shilingi ngapi, pamoja na bima, ada ya kushughulikia mkopo na gharama zote? Asipotaka kuiandika hesabu hiyo kwenye karatasi, ondokeni.

Kuna kinga moja ambayo wachache wanaifahamu. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka kikomo kwa mkopo ulioacha kulipwa: riba inayoongezwa tangu hapo haiwezi kuzidi kiasi cha deni la msingi kilichokuwa kimebaki siku mkopo ulipoharibika. Kwa hiyo mzee aliyebakisha Sh100,000 za msingi akashindwa kuendelea hawezi kudaiwa laki nne baada ya miaka, hata kama mtambo wa benki unaendelea kuzihesabu.

Walio bado kazini hali yao ni nyingine, na nitawajibu kadiri watakavyouliza.


Mwalimu wa Faza

Waalaykum salaam, Bwana Karani, na shukrani kwa maelezo. Mimi ni mwalimu wa msingi upande wa Pate. Nilikuwa sijafika miaka 45 mpango mpya wa pensheni ya watumishi wa umma ulipoanza tarehe 1 Januari 2021, kwa hiyo niliingizwa moja kwa moja bila kuulizwa. Tulianza kukatwa asilimia 2 mwaka wa kwanza, tukaenda 5 mwaka wa pili, na sasa ni asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, huku serikali ikiahidi kuongeza asilimia 15. Kwa mshahara wa msingi wa Sh50,000 hizo ni Sh11,250 kila mwezi zinazoandikwa kwa jina langu.

Mwanangu amepata mashua nzuri iliyochongwa Matondoni, lakini haina mashini. Kwenye taarifa ya mfuko nina fedha zinazotosha kununua mashini hiyo na nyingine zikabaki. Naomba nieleweshwe kwa nini siwezi kukopa katika fedha zangu mwenyewe, nikazirudisha kidogo kidogo pamoja na faida, ilhali nikienda benki nitakopeshwa fedha za watu wengine kwa riba. Hilo halinikai akilini.


Karani wa Mkomani

Mwalimu, swali lako ni la haki, na jibu lake halipendezi. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997 kinasema kwamba fedha za mfuko hazitatumika kumkopesha mtu yeyote, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka. Kinakataza hata ujanja wa mfuko kuweka amana katika benki fulani ili benki hiyo iwakopeshe wanachama kwa riba nafuu. Kabla ya sheria hiyo mifuko mingi ya waajiri iliendeshwa kama sanduku la mwenye kampuni, ambapo fedha za wafanyakazi zilikopeshwa biashara yake au marafiki zake, na kampuni ilipofilisika wafanyakazi walitoka mikono mitupu. Mlango ulifungwa kwa ajili ya waajiri, nao wafanyakazi wakafungiwa pamoja nao.

Hata hivyo ningekushauri uangalie akiba yako ya Sacco kabla ya kwenda benki. Ile ndiyo akiba ambayo kisheria imewekwa ili ikopewe. Sacco nyingi za walimu hukopesha mpaka mara tatu ya akiba, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, na wadhamini wako ni walimu wenzako wanaokujua. Angalia pia kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kuzidi theluthi mbili za mshahara. Lazima theluthi moja ikufikie mkononi. Mashini ya mashua ikikufikisha ukingoni mwa theluthi hiyo, hutakuwa na nafasi ya kukopa karo itakapokuja.

Na mashini hiyo iandikwe kwa jina la nani? Nauliza kwa sababu nimeona baba akilipa miaka 4 kifaa ambacho kijana amekwisha kukiuza.


Mwalimu wa Faza

Kwa jina langu, ami. Hilo nimekwisha kulisema nyumbani, na halikupokelewa vizuri.


Mpishi wa Malindi

Wazee wangu, mtaniwia radhi, lakini mjadala huu umekuwa wa walimu na watu wa serikali, ambao mshahara wao uliingia hata mwaka 2020. Sisi wa mahotelini hapa Malindi tulifungiwa milango mwezi wa Machi mwaka huo, wageni wakaondoka, na wengi wetu hatukuitwa tena. Nilikuwa na akiba katika NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, nikaambiwa nisubiri mpaka nifike miaka 60, au 50 nikithibitisha kwamba nimeacha kazi kabisa. Nilikuwa na miaka 38. Niliuza pikipiki na kabati za nyumbani huku nina fedha zenye jina langu Nairobi.

Wakati huo tulikuwa tukikatwa Sh200 tu, kwa hiyo tulinyamaza. Tangu Februari 2023, Sheria ya NSSF ya 2013 ilipoanza kutekelezwa baada ya uamuzi wa Mahakama ya Rufani, makato ni asilimia 6 ya mshahara, na kikomo kinapandishwa kila mwaka. Kuanzia Februari 2025 mtu mwenye mshahara wa Sh72,000 alikatwa Sh4,320, na mwajiri akaongeza kiasi hicho hicho. Kadiri kinachofungiwa kinavyokuwa kikubwa, ndivyo swali la kukifikia linavyozidi uzito. Waganda walibadilisha sheria yao mwaka 2022, na sasa mwanachama wa mfuko wao aliyefika miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Afrika Kusini nao, tangu tarehe 1 Septemba 2024, hugawanya michango mipya mafungu mawili: theluthi moja mwanachama anaweza kuifikia mara moja kwa mwaka, na theluthi mbili zinafungwa hadi kustaafu. Kwa nini sisi tuwe wa kuambiwa subiri tu?


Karani wa Mkomani

Mpishi, kwanza pole kwa yaliyokupata, na sitakuambia kwamba sheria ilikutendea wema.

Lakini naomba tutenganishe mambo mawili ambayo hoja yako imeyachanganya. Waganda na Waafrika Kusini hawakopi, wanachukua. Aliyechukua hadaiwi, na kwa sababu hadaiwi, harudishi. Tukadirie kwamba ungechukua Sh200,000 ukiwa na miaka 40, na mfuko wako ukawa unapata faida ya asilimia 8 kwa mwaka. Ukifika miaka 60, pengo lililoachwa na fedha hizo lingekuwa zaidi ya Sh930,000. Huenda bado ingekuwa afadhali kuzichukua, kwa sababu mtoto hawezi kungoja miaka 20 ili ale. Hilo unalijua wewe kuliko mimi. Ninachokipinga ni mtu kuambiwa kwamba ni fedha zake tu anazozitumia, kana kwamba hakuna kinachopotea.

Mgawanyo wa Afrika Kusini nauona una busara kuliko wa Uganda, kwa kuwa unaamua mapema kipi ni cha dharura na kipi ni cha uzee, badala ya kumwachia mtu aamue siku ambayo njaa imemshika. Kwa hapa kwetu, anayetaka akiba yenye mlango mdogo ana mpango wa hiari wa NSSF uitwao Haba Haba, unaoanzia Sh25 kwa siku, ambao mwanachama anaweza kutoa hadi nusu ya alichoweka baada ya kuchangia miaka 5. Ni mdogo, lakini kwa mpishi, mvuvi au mwenye boda boda unafaa.


Msafiri wa Minnesota

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, na ninafanya kazi Marekani. Huku mpango wa akiba ya kustaafu wa kazini, yaani 401(k), unaruhusu mwanachama kukopa katika akiba yake ikiwa kanuni za mwajiri wake zinakubali. Kiwango cha juu ni nusu ya kile ambacho ni chake kikamilifu, au dola 50,000, kipi kilicho kidogo, na mkopo hulipwa ndani ya miaka 5 isipokuwa kama ni wa kununulia nyumba ya kuishi. Riba unayoilipa inarudi katika akaunti yako mwenyewe.

Bwana Mwalimu wa Faza atasikia haya na kuona ndicho alichokuwa akikitaka. Naomba asikie na upande wa pili. Ukiacha kazi au ukiachishwa kabla ya kumaliza, salio lote unatakiwa kulirudisha kufikia siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za kodi za mwaka huo. Usipoweza, salio huhesabiwa kuwa ni fedha ulizozitoa: unatozwa kodi ya mapato, na ukiwa chini ya miaka 59 na nusu, unaongezewa adhabu ya asilimia 10. Nimeona wenzangu wakipoteza kazi na kupokea dai hilo katika msimu mmoja. Aliye na kazi imara mkopo huu humfaa sana. Aliye na kazi ya kuyumba humpiga siku ambayo hana kitu.


Bi Langoni

Assalaam alaykum. Naandika kwa niaba ya mama yangu. Baba alistaafu katika utaratibu wa zamani, na mwaka jana alichukua mkopo wa benki wa miaka 4 kwa njia aliyoieleza Bwana Karani. Sasa anaumwa. Mama hakushirikishwa wakati wa kutia saini, na jambo linalomkosesha usingizi ni kama deni hili litamfuata yeye, na kama benki itaendelea kukata katika fedha atakazolipwa yeye Mungu akimchukua mzee. Naomba majibu ya wazi hata kama ni machungu.


Karani wa Mkomani

Bi, Mwenyezi Mungu amponye mzee. Nitakujibu kwa utaratibu.

Katika utaratibu wa zamani, mstaafu akifariki, pensheni yake husimama, na badala yake mjane na watoto hulipwa pensheni ya wategemezi kwa miaka 5. Malipo hayo ni ya wategemezi wenyewe, nayo hayapaswi kupitia akaunti ya marehemu ambayo benki imeishikia agizo. Agizo alilotia saini baba linamfunga baba. Kama mama hakutia saini kama mkopaji mwenza wala mdhamini, benki haina haki ya kumkata. Afungue akaunti yake katika benki nyingine mapema, wala asikubali kwa upole wa msiba kutia saini karatasi atakayoletewa ya kuendeleza deni.

Tafuteni sasa hivi, wakati mzee bado anaweza kuwaeleza, hati ya bima ya mkopo. Kama bima ipo na ada yake ilikatwa, kifo cha mkopaji hulipwa na kampuni ya bima, na deni huisha. Lakini isomeni fomu aliyojaza kuhusu afya yake, maana kama alikuwa na maradhi aliyoyajua akaandika kwamba ni mzima, kampuni inaweza kukataa kulipa. Hapo ndipo madai mengi yanapokwama.

Ikiwa bima haipo au imekataliwa, deni litadaiwa katika mali aliyoiacha. Na kwa sisi Waislamu hilo halina mjadala: deni la maiti hulipwa kabla ya wasia na kabla ya mirathi kugawanywa, na kadhi atauliza kabla hajagawanya chochote. Mali isipotosha, mrithi halazimiki kulipa kutoka mfukoni mwake, ingawa wapo watoto wanaojitolea.


Wakili wa Barani

Naomba kuongeza jambo juu ya mirathi, kisha juu ya nyumba. Maelezo ya Bwana Karani yanahusu pensheni ya serikali ya zamani. Kwa mifuko iliyosajiliwa chini ya sheria ya 1997, kifungu cha 36A kinasema kwamba mafao yanayolipwa kwa kifo cha mwanachama si sehemu ya mali ya marehemu. Wadhamini wa mfuko, yaani wanaousimamia, huwalipa watu walioandikwa katika fomu ya uteuzi. Maana yake ni kwamba mdai wa marehemu hawezi kuyagusa. Maana yake pia ni kwamba fomu iliyojazwa ujanani, kabla ya ndoa ya pili, inaweza kuleta fitina kubwa kuliko deni lolote. Kila aliye kazini aikague.

Kuhusu nyumba, wanajukwaa wanapaswa kujua kwamba marufuku ya kifungu cha 38 ina matundu mawili yaliyotobolewa kwa makusudi. Tangu 2009 mwanachama anaweza kutumia hadi asilimia 60 ya mafao yake yaliyolimbikizwa kama dhamana ya mkopo wa nyumba. Fedha hazitoki kwenye mfuko. Zinasimama nyuma ya mkopo, na mkopaji akishindwa, benki hulipwa kutoka humo. Kisha kanuni za 2020 zikaruhusu mwanachama kutumia hadi asilimia 40 ya mafao hayo, bila kuzidi Sh7,000,000, kununua nyumba ya kuishi. Huko fedha zinatoka kweli, wala hazirudi.


Mwalimu wa Faza

Je, Wakili, njia hizi mbili zinaweza kutumika kwa nyumba ya mjini Lamu? Nina nyumba ya urithi pale Langoni ambayo ndugu zangu wako tayari kuniuzia hisa zao.


Wakili wa Barani

Hapo ndipo sheria iliyoandikwa kwa kufikiria Nairobi inapogonga ukuta wa mawe ya matumbawe. Mkopeshaji atataka hati miliki iliyo safi. Nyumba nyingi za mji wa kale zimerithiwa vizazi kadhaa bila majina kubadilishwa, na warithi wako Mombasa, Arabuni na kwingineko; kabla ya kununua hisa za ndugu zako, lazima mirathi ipite kwa kadhi na kila mrithi ajulikane. Nyingine ni wakfu, na wakfu hauuzwi, haurithiwi wala hauwekwi rehani, kwa hiyo ulizia hilo kwanza kabla hujagharimika. Tena mji wenyewe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na ukitaka kubadilisha jengo utahitaji idhini za uhifadhi, jambo ambalo mthamini wa benki hulitia katika hesabu yake. Kwa ufupi, njia ipo, lakini sijaona mtu akiipita upesi.


Mwana wa Shela

Mjadala ni mzuri, lakini nimeshangaa kwamba mpaka hapa riba imetajwa kwa asilimia tu, kana kwamba tatizo ni ukubwa wake. Kwa wengi wetu mkopo wa riba ni haramu uwe wa asilimia 15 au 1. Sacco ile anayoshauriwa Mwalimu nayo inatoza riba.

Tangu 2008 nchi hii ina benki zinazofuata sharia, na jambo alilolitaka Mwalimu linafaa kabisa katika murabaha. Benki inainunua mashini kwanza, ikawa mali yake, kisha inamuuzia Mwalimu kwa bei ya juu inayojulikana tangu mwanzo, na analipa kwa awamu. Kama mashini ni Sh300,000 na bei ya kuuziwa ni Sh375,000 kwa miezi 36, atalipa takriban Sh10,417 kwa mwezi. Bei hiyo haiongezeki akichelewa. Faini ya kuchelewa, ikiwepo, huenda kwenye sadaka na si faida ya benki. Anayetaka fedha taslimu kulipa madeni ya zamani, huyo murabaha haumfai, na atafute karadha, yaani mkopo usio na riba, kwa jamaa, aiandike na aishuhudishe kama Qurani ilivyoamrisha.


Karani wa Mkomani

Umesema kweli, na nashukuru kwa kulileta. Hesabu yako iko karibu sana na ile ya salio linalopungua niliyoitoa juu, kwa hiyo anayeogopa kwamba njia ya halali itamgharimu maradufu hana sababu ya kuogopa, mradi alinganishe jumla kwa jumla. Lakini hata katika murabaha, benki itataka mshahara au pensheni ipitie kwake, na itataka dhamana. Masharti ya agizo yasomwe kwa makini yale yale.

Nami nilipenda sana pendekezo la karadha ya jamaa, ila katika kusoma kwangu karatasi za watu sijawahi kuletewa mkataba wa ndugu ulioandikwa. Wanaandikiana wageni, ndugu wanaaminiana, kisha wanafikishana kwa mzee wa mtaa.


Bi Langoni

Tumeipata hati ya bima ndani ya sanduku la baba, Bwana Karani. Imeandikwa kwamba ada ililipwa mara moja, kwa muda wote wa mkopo. Sehemu ya afya alijaza ukweli, akataja shinikizo la damu. Ahsante sana. Lipo moja lililobaki: akijaaliwa kupona na kumaliza kulipa, je, lile agizo huondoka lenyewe?


Karani wa Mkomani

Alhamdulillahi. Kutaja shinikizo la damu kumewaondolea mzigo mkubwa. Pigeni nakala ya fomu hiyo na muiweke mbali na ile ya asili.

Agizo haliondoki lenyewe. Mkopo ukiisha, mzee aombe barua ya benki inayosema kwamba hana deni, kisha aandike barua yake ya kufuta agizo na apigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala. Kama kuna hati ya shamba ilishikiliwa, aidai siku hiyo hiyo. Halafu aangalie taarifa ya akaunti ya miezi miwili inayofuata, kwa sababu mtambo huweza kukata marejesho ya mwezi wa ziada kabla mtu hajauzima, na fedha hizo hurudishwa kwa anayeziulizia. Akishapata barua, na akitaka pensheni ihamie benki nyingine, maombi hupelekwa kwa Idara ya Pensheni. Asiifunge akaunti ya zamani mpaka malipo ya kwanza yaonekane katika ile mpya.